Kuuza, kuuzisha na kadi za mpira: namna ya kukadiria thamani ya kadi za mkusanyo

Septemba iliyopita mama mkubwa alitoa kopo la maziwa ya unga, akaliweka juu ya meza na kuniambia: "Weye mwenye kusoma, utuambie hii iko beyi gani." Ndani ya kopo hamkuwa na maziwa. Mlikuwa na kadi 73 za wachezaji wa mpira, zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli. Marehemu baba mkubwa alianza kuzikusanya akiwa mtoto kule Mitwaba. Nyingine alibadilishana na wenzake shuleni, nyingine aliletewa na ndugu aliyekuwa Ubelgiji. Miaka ya 2000, wakati wa vita vya Mai-Mai, familia ilikimbia Mitwaba kuja Lubumbashi. Vitanda vilibaki, mbuzi walibaki, kopo likaja.

Sasa mfanyabiashara mmoja anayekwenda na kurudi Dar es Salaam kwa njia ya Kasumbalesa alikuwa ametaja dola 50 kwa kopo zima. Binti wa mwisho wa mama mkubwa alikuwa anaingia L1, na minervali haingojei mtu. Mfanyabiashara alitaka jibu Jumamosi. Nilikuwa na siku nne.

Makala haya yanaeleza namna thamani ya kadi za mkusanyo inavyokadiriwa, hatua kwa hatua, kama nilivyojifunza katika siku hizo nne. Msomaji atauliza jambo hili linatafuta nini katika jarida la kitivo cha lugha. Jibu langu ni kwamba nilianza nikidhani ni kazi ya hesabu, nikakuta sehemu yake kubwa ni kazi ya lugha. Hesabu ilichukua saa moja; siku zilizobaki zilikwenda katika kutaja vitu kwa majina yake na kuelewa vitenzi.

Aliuza au alinunua?

Kosa la kwanza lilitokea kabla sijafika. Binamu yangu, kwa nia njema, alimwonyesha mfanyabiashara kadi moja ya mwaka 1974 na kumwambia: "Hii baba aliiuza dola tano." Mfanyabiashara, ambaye Kiswahili chake ni cha Mbeya, alielewa kwamba marehemu aliwahi kutoa kadi ya namna hiyo kwa dola tano. Akaifanya dola tano kuwa kilele: kama mwenye mali mwenyewe aliridhika na tano, kwa nini yeye atoe zaidi? Lakini binamu alikuwa amesema kinyume chake. Alisema baba yake alitoa dola tano ili aipate.

Wasomaji wa jarida hili wanalijua jambo hili. Katika Kiswahili sanifu, kuuza ni kutoa mali ili upate pesa, na anayetoa pesa hununua. Katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kuuza ni kutoa pesa upate mali, na anayetoa mali huuzisha. Wengi husema kwamba hapa tumeharibu lugha. Mimi naona tumefuata kanuni. Tazama Kibemba, lugha inayosikika sana hapa kwetu: kununua ni ukushita, na kutoa mali kwa pesa ni ukushitisha, yaani kumfanya mwingine anunue. Kuuza na kuuzisha kwetu zimepangwa vivyo hivyo, kwa kiambishi cha usababishi. Hata kuuza ya sanifu ina historia ya namna hiyo. Waganda husema okugula kwa kununua na okuguza kwa kumwuzia mtu. Kiswahili cha pwani kilibaki na mtoto, yaani kitenzi cha usababishi, na kumpoteza mama yake. Kununua kikachukua nafasi iliyokuwa wazi.

Kwa hiyo watu wawili waliokaa meza moja, wote wakisema Kiswahili, walipeana taarifa moja ya bei na kuielewa kinyume. Hakuna aliyedanganya. Lakini dola tano hizo zilikuwa zimeshaingia katika hesabu ya mfanyabiashara, na tulipaswa kuziondoa kwa ushahidi.

Hatua ya kwanza: jina kamili la kitu

Hakuna bei ya "kadi ya mpira ya zamani", kama vile hakuna bei ya "gari". Kabla ya kuuliza ni kiasi gani, lazima ujue ni nini. Jina kamili la kadi lina sehemu kadhaa: aliyeichapisha, mwaka, mfululizo wake, namba yake katika mfululizo, mchezaji, lugha ya maandishi, na alama yoyote inayoitofautisha na ndugu zake. Sehemu nyingi ziko nyuma ya kadi, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma.

Alama ndogo inaweza kubeba uzito mkubwa. Kadi za Pokémon zilizotoka kwa Kiingereza mwaka 1999 zinaonyesha jambo hili vizuri. Kadi ya Charizard ilichapishwa mara kadhaa kwa picha ileile, lakini zile za mwanzo zina alama ndogo ya toleo la kwanza chini ya picha, upande wa kushoto. Nakala moja yenye alama hiyo, ikiwa katika hali kamilifu, iliuzwa kwa dola 420,000 mwaka 2022. Ndugu zake wasio na alama hawafiki karibu na hapo.

Kwa kadi za mpira, jambo kubwa ni kujua kama ni kadi ya mwanzo ya mchezaji, iliyotoka kabla dunia haijamjua. Pelé alikuwa na miaka 17 alipocheza Kombe la Dunia nchini Sweden mwaka 1958. Kadi yake ya mwaka huo, iliyochapishwa hukohuko Sweden na Alifabolaget, iliuzwa mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni 1.3.

Tofauti nyingine ni ya kadi na stika. Kampuni ya Panini ya Modena, Italia, ambayo albamu yake ya kwanza ya Kombe la Dunia ilikuwa ya Mexico 1970, inajulikana kwa picha za kubandika. Picha iliyobandikwa na kubanduliwa si kitu kilekile tena na picha ambayo mgongo wake haujaguswa. Sisi nyumbani zote tuliziita "foto" tu, na neno hilo moja lilituficha tofauti zote hizi. Siku nzima ya kwanza niliitumia kuandika daftari: mistari 73, kila kadi na jina lake kamili.

Hatua ya pili: ya zamani si lazima iwe adimu

Mama mkubwa aliamini kwamba kadi iliyotoka kabla yeye hajaolewa lazima iwe ghali. Sisi sote tunachanganya umri na uadimu. Uadimu ni swali la ngapi zimebaki, si la lini ilitengenezwa.

Kadi maarufu kuliko zote za besiboli ya Marekani ni ya Honus Wagner, iliyotolewa kati ya 1909 na 1911 ndani ya pakiti za sigara. Uchapaji wake ulikatizwa mapema, na zinazojulikana leo ni kama 60 hivi. Ndiyo maana nakala moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25 mwaka 2022, na hata zilizochanika hugombewa. Upande wa pili, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni za Marekani zilichapa kadi kwa wingi mno, na watu, wakitumaini utajiri, walizitunza zote. Leo kadi hizo zina zaidi ya miaka thelathini, ni safi, na nyingi hazinunui hata soda. Kila mtu anayo, hakuna anayeitafuta.

Hapa Congo tuna somo letu wenyewe. Noti ya zaire 5,000,000 ya mwaka 1992 bado imo katika masanduku ya familia nyingi. Mwaka 1993 ilikuja zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani, na noti ile kubwa ikawa haifiki hata zaire mpya mbili. Leo ni karatasi ya kumbukumbu. Tarakimu iliyochapwa juu yake haikuilinda, wala umri wake haujaifanya adimu.

Kuna mfano wa kale zaidi unaonisaidia kufikiri. Katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale katika bonde la Upemba, wachimbaji wa mambo ya kale walioanza kazi mwaka 1957 walikuta misalaba ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu. Misalaba ya mwanzo ni mikubwa na inatofautiana. Kadiri karne zilivyopita ikawa midogo na kufanana zaidi na zaidi, na wataalamu wanaona hapo dalili ya kitu kugeuka kuwa pesa. Pesa hufanya kazi vizuri pale kila kimoja kinapofanana na kingine, ili mtu ahesabu tu. Kadi ya mkusanyo iko kinyume: thamani yake iko katika yale yanayoitofautisha, na kwa hiyo haihesabiwi kabla ya kuelezwa.

Hatua ya tatu: hali ya kadi

Kadi mbili zenye jina moja kamili zinaweza kutofautiana bei mara mia kwa sababu ya hali. Kadi ya Mickey Mantle iliyotolewa na Topps mwaka 1952 ndiyo kielelezo: nakala iliyo karibu na ukamilifu iliuzwa kwa dola milioni 12.6 mwezi Agosti 2022, ilhali nakala zilizochakaa sana za kadi hiyohiyo huenda kwa makumi ya maelfu.

Hali hupimwa kwa mambo manne: pembe, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati ya fremu yake. Ziko kampuni zinazofanya kazi hiyo kwa ada. PSA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1991, hutoa alama kuanzia 1 hadi 10, kisha huifunga kadi ndani ya kasha la plastiki lenye namba ya kuhakikishia. Kwa kadi ya dola ishirini, ada na gharama ya kuituma huweza kumeza kadi yenyewe, basi mtu hupima kwa macho yake na kusema kweli.

Hapa Kiswahili kilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Kiambishi cha -me- kinataja tendo lililokwisha ambalo hali yake bado ipo: imekunjika, imechanika, imepauka, imelowa, imeliwa na mende. Nilipoanza kuandika hivyo katika daftari, kila kadi ilipata maelezo mafupi yasiyo na ubishi. "Nzuri" na "nzuri sana" ni maneno ya mwenye mali. "Pembe moja imekunjika, uso haujakwaruzwa" ni maneno ambayo hata mnunuzi atayakubali, kwa sababu anaweza kuyahakikisha kwa macho. Nyuma ya kadi tisa niliandika pia: "imeandikwa jina kwa kalamu ya wino". Baba mkubwa alikuwa akiandika jina lake ili wenzake wasimwibie. Kwa mkusanyaji, wino huo ni kilema.

Uhalisi nao huangaliwa hapohapo. Niliazima lenzi ya fundi saa. Picha iliyochapwa kiwandani zamani, ukiikuza, inaonyesha nukta ndogo za rangi zilizopangika. Nakala ya mashine ya siku hizi mara nyingi inaonyesha madoa yaliyomwagika ovyo, na maandishi yake hayana kingo kali. Njia rahisi ni kuiweka kadi unayoishuku kando ya kadi isiyo na thamani ya mfululizo uleule, kwa maana hakuna anayejisumbua kughushi kitu cha bure. Karatasi, unene na rangi vilingane. Kadi mbili za kopo hazikulingana. Nikazishusha hadi sifuri.

Hatua ya nne: inauzwa na iliuzwa

Sasa ndipo bei. Mtu akiingia katika intaneti na kuandika jina la kadi yake ataona tarakimu za kumtoa machozi ya furaha. Lakini asome kitenzi. Nyingi ya tarakimu hizo zinasema inauzwa. Inauzwa ni tumaini la mwenye mali. Anaweza kuandika dola elfu moja leo na kuandika tena mwakani. Ushahidi uko katika iliuzwa: siku fulani, mtu fulani alitoa pesa. Soko la eBay, kwa mfano, lina sehemu ya kuchuja ili uone zilizokwisha kuuzwa tu, pamoja na tarehe. Mkadiriaji hukaa upande huo.

Kisha huchukua mauzo kadhaa ya karibuni ya kadi yenye jina lilelile na hali ileile, na kutafuta bei ya katikati. Tuchukue tarakimu za kufundishia. Kadi moja iliuzwa mara tano: dola 18, 20, 22, 25 na 90. Ukijumlisha na kugawanya kwa tano unapata 35, bei ambayo hakuna hata mmoja aliyeilipa. Ukizipanga na kuchukua ya katikati unapata 22. Tena ukiichunguza ile ya 90 utakuta ilikuwa ndani ya kasha lenye alama ya juu, yaani haikuwa kadi ya hali yako.

Kama hakuna mauzo yoyote ya kadi yako, hiyo si habari njema moja kwa moja. Huenda ni adimu. Huenda hakuna anayeitaka. Tafuta basi ndugu zake wa mfululizo uleule, wachezaji wa timu ileile, na ukadirie kutoka hapo kwa tahadhari. Ndivyo nilivyofanya kwa kadi ya mchezaji wa Zaire ya mwaka 1974, yenye maandishi ya Kijerumani nyuma. Zaire ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia, na ilifungwa mechi zake zote tatu, moja kwa mabao 9 kwa 0. Hata hivyo wapo wanaoitafuta timu ile hasa kwa sababu ya historia yake, wakati kadi za timu zilizofika mbali zaidi hazina mwenyewe. Mahitaji hayafuati matokeo ya uwanjani.

Hatua ya tano: bei ya huko, bei ya hapa

Dola 22 za mtu wa München si dola 22 za mtu wa Lubumbashi. Tuendelee na mfano uleule: tuseme soko la intaneti linakata dola 3, na bahasha ngumu pamoja na kuituma kwa uhakika ni dola 9. Zinabaki 10. Bado hujaongeza hatari ya kupotea njiani, wala tabu ya kupata njia ya kulipwa kutoka nje. Kwa hiyo mnunuzi wa mkononi anayetaja bei ya chini si lazima awe mwizi. Anabeba safari, hatari na muda, na ana haki ya kulipwa kwa hayo. Swali ni kiasi gani, na huwezi kulijibu kama hujui tarakimu ya mwanzo.

Kopo lilivyoamuliwa

Ijumaa jioni daftari lilikuwa tayari. Kati ya kadi 73, tatu zilikuwa na thamani ya kuzungumza: ile ya Zaire na mbili za Wabrazil za miaka hiyohiyo. Baada ya kutoa gharama, zote tatu pamoja zilitufikisha dola 54. Kadi 12 zilitoa kama dola 2 kila moja, yaani 24. Zilizobaki 58, pamoja na zile mbili za kughushi, zilifaa kuondolewa kwa mkupuo, na niliziandikia dola 10 zote. Jumla dola 88. Mama mkubwa alinyamaza kidogo. Alikuwa ametumaini mia tano.

Jumamosi mfanyabiashara alikuja. Kwanza nilirudi kwenye kile kitenzi: nikamweleza kwamba marehemu hakuuzisha kadi kwa dola tano, alinunua kwa dola tano, miaka mingi iliyopita. Akacheka, akasema sasa anaelewa kwa nini huku Kasumbalesa watu humwambia "nataka kuuza" wakiwa wameshika pesa mkononi. Kisha nikamsomea daftari, kadi moja baada ya nyingine, pamoja na vilema vyote. Zile mbili za kughushi nilimwonyesha mwenyewe. Nadhani hapo ndipo alipoamini mistari mingine. Alipanda kutoka 50 hadi 65, sisi tukashuka kutoka 88, tukakutana kwenye 75. Haikumaliza minervali, lakini ilifungua mlango wa kulipa sehemu ya kwanza, na binti aliandikishwa.

Alipokuwa akihesabu kadi ili azifunge, mama mkubwa alinyoosha mkono na kuchomoa moja. Ilikuwa ya golikipa ambaye sikuweza hata kumtambua, pembe zote nne zimekunjika, na nyuma yake jina la baba mkubwa kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la tatu. Katika daftari langu mstari wake ulisema: sifuri. Mfanyabiashara akahesabu tena, zikawa 72, na bei haikubadilika.

Nimeliweka daftari lile. Mistari yake imeandikwa kwa Kiswahili chote, na nilipoimaliza niligundua kwamba sikuhitaji kuazima neno la lugha nyingine ili kueleza hali ya kadi hata moja. Kwenye safu ya bei nilibadilisha kichwa mara mbili. Kwanza niliandika "beyi", kisha "thamani". Mwisho nikaandika "iliuzwa kwa", kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho safu ile iliweza kuthibitisha.